Unga wa Muhogo Mchungu Usiodhuru: Mwongozo Kamili wa Kutoa Sumu Nyumbani

Malalamiko yanayonifikia ni yaleyale. Muhogo umemenywa, umekatwa vipande, umeanikwa juu ya bati siku tatu mpaka ukakauka kau, umesagwa mashineni, na bada, yaani ugali wa muhogo, imesongwa ikaiva vizuri. Watu wamekula. Haijapita saa nyingi kichwa kinagonga, tumbo linasokota, mtoto anatapika. "Nimeuanika vya kutosha na nimeupika vya kutosha, nimekosea wapi?"

Umekosea hapohapo. Sumu ya muhogo haitolewi na jua wala moto. Inatolewa na kupondwa, maji na muda. Ukilishika hilo moja, hatua zote zilizo hapa chini zitakuwa na maana, na hata ukikosa kifaa fulani utajua la kufanya.

## Kwa nini jua na moto havitoshi

Sumu yenyewe ni sianidi, lakini muhogo mbichi haukai nayo ikiwa tayari ndani yake. Una kitu kinachoitwa linamarini, na kando yake, kwenye kuta za seli, kuna kimeng'enya, yaani kichocheo cha kuvunja vitu, kinachoitwa linamarase. Wanaishi nyumba moja, vyumba mbalimbali. Ukiuponda muhogo, ukiukuna, au ukiuacha ulainike majini, kuta zinavunjika na wawili hao wanakutana. Kimeng'enya kinaivunja linamarini, na mwisho wake inatoka hidrojeni sianidi, gesi inayochemka kwenye nyuzi joto 26 hivi. Joto la mchana la Dar linavuka hapo karibu mwaka mzima, kwa hiyo gesi inapaa yenyewe.

Sasa tazama tunachofanya. Kipande kizima kikitumbukizwa kwenye maji yanayochemka, kimeng'enya kinakufa kwa joto kabla hakijafanya kazi, na linamarini isiyojali moto inabaki ndani. Kipande kikubwa kikianikwa juani kinakauka kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi. Kopa (kipande kikavu cha muhogo) la namna hiyo linaweza kubaki na robo hadi theluthi ya sumu yake ya mwanzo. Ukilila, bakteria wa tumboni wanaivunja linamarini iliyobaki, na sianidi inatokea ndani ya mwili wako.

Kiwango cha chakula cha kimataifa cha Codex kinataka unga wa muhogo wa kula usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Jikoni hatuna mashine ya kupima, kwa hiyo tunategemea kazi iliyofanywa kwa ukamilifu.

## Vifaa

Tayarisha vyote kabla hujaenda sokoni, kwa sababu muhogo ukishachimbwa haukungoji.

- Muhogo mbichi kilo 10. Utakupa unga kama kilo 2.5 hadi 3.
- Kisu kikali cha kumenyea.
- Ndoo mbili za plastiki za lita 20 zenye mifuniko, zilizokuwa za chakula. Iliyokuwa na rangi au dawa usiiguse.
- Maji safi lita 25 hivi. Kama mtaani kwenu yanakatika, jaza kwanza.
- Sahani nzito au bamba la kukandamizia muhogo usielee.
- Kinu na mchi.
- Kiroba cha sukari kilichooshwa, na tofali zima.
- Turubai safi au mkeka, na neti ya kuzuia nzi.
- Ungo na chekeche.

Kwa kazi ya haraka utahitaji pia greta yenye matundu madogo, au mashine ya kukuna kama jirani anayo.

## Hatua ya 1: Chagua muhogo, ujue unachonunua

Mihogo mingi inayoshushwa Temeke, Buguruni, Mabibo na Kariakoo inatoka mkoa wa Pwani: Mkuranga, Kisarawe, Rufiji, Bagamoyo. Nenda asubuhi na umuulize muuzaji mambo mawili. Umechimbwa lini? Ni wa kutafuna au wa unga?

Swali la pili si la adabu tu. Vijana wanaotembeza muhogo mbichi na nazi na karanga mitaani huchukua ule mtamu. Muhogo wa unga mara nyingi ndio mchungu, na wakulima wanaupenda kwa sababu nguruwe na panya hawaushambulii sana. Ukiununua ukidhani ni wa kuchemsha, umejitafutia balaa.

Vunja mmoja mbele ya muuzaji. Ndani uwe mweupe au wa maziwa. Ukiona mistari ya buluu au nyeusi, umelala siku mbili tatu tangu uchimbwe na umeanza kuharibika.

Kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema kunasaidia, lakini kuna mpaka. Uchungu ni onyo la kweli. Utamu si hakikisho, kwa sababu mmea uliopigwa na ukame huongeza sumu, na hata shina moja linaweza kutoa mizizi isiyolingana. Mwaka ambao mvua za vuli zimekata mapema, uchukulie muhogo wote kuwa mchungu.

## Hatua ya 2: Menya maganda yote mawili

Hapa wengi wanateleza. Muhogo una ganda jembamba la kahawia kwa nje, na chini yake ganda nene, jeupe au la waridi. Watu hukwangua la nje tu ili wasipoteze. Lile nene la ndani lina sumu nyingi kuliko nyama ya muhogo wenyewe. Chanja kwa urefu, ingiza ncha ya kisu, kisha livue lote kama soksi.

Kata ncha zote mbili, toa sehemu zenye mistari, osha mara mbili. Fanya hivyo siku ileile uliyonunua.

Maganda usimtupie mbuzi wala kuku yakiwa mabichi. Mifugo hufa kwa sumu hiihii.

## Hatua ya 3: Loweka siku tatu kamili, au zaidi

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi yote, na ndiyo inayoibiwa muda.

Kata muhogo vipande vya urefu wa kidole, kama sentimita 8. Minene ipasue kati. Panga kwenye ndoo, mimina maji yapite juu kwa vidole vinne, weka sahani ya kukandamiza, funika bila kukaza. Kipande kinachochungulia nje ya maji hakilainiki, kinaota ukungu, na kinaharibu wenzake.

Weka ndoo kivulini, nyuma ya nyumba. Harufu itatoka, na kama mnaishi wapangaji wengi uani pamoja, waambie mapema.

Siku ya kwanza utaona vipovu vichache. Ya pili maji yanapata povu na uchachu. Ya tatu bonyeza kipande kwa kidole gumba: kinapaswa kuingia kama kwenye parachichi lililoiva. Kivunje uivute kamba ya katikati. Ikitoka nzima, laini, kama utambi wa jiko la mchina, muhogo umeiva kwa kuponda. Ikikatika au ikigoma, rudisha kwenye maji. Kipupwe, Juni hadi Agosti, maji yakiwa ya baridi kidogo, kazi inaweza kufika siku ya tano. Fuata kidole chako, usifuate kalenda.

Usibadilishe maji kila siku ukidhani unasafisha. Vijidudu vinavyochachusha na kulainisha muhogo vimo katika maji hayo, na ukiyamwaga unaanza upya. Ukitaka kuharakisha kundi linalofuata, bakiza kikombe kimoja cha maji ya zamani uyatie kwenye ndoo mpya.

Harufu njema ni ya uchachu, kama togwa iliyolala. Harufu ya mzoga, au utelezi wenye rangi ya waridi au kijani, maana yake ndoo ilikuwa chafu au muhogo ulikuwa umeshaoza. Mwaga wote. Najua fedha inauma, lakini mwaga.

Niseme kwa nini ninasisitiza siku tatu. Huko Bandundu, Kongo, biashara ya muhogo ilipokolea na malori yakawa yanasubiri barabarani, wasindikaji walipunguza siku za kuloweka kutoka tatu hadi moja au mbili. Kilichofuata ni konzo, ugonjwa unaopooza miguu yote miwili kwa ghafla na haurudi nyuma. Tanzania tumeshauona Mara na Mtwara, katika vipindi vya njaa na ukame, watu walipokuwa wanakula muhogo mchungu uliosindikwa harakaharaka. Muda mnaodhani mnauokoa unalipwa na miguu ya mtoto.

## Hatua ya 4: Ponda na utoe nyuzi

Mwaga maji ya kuloweka mbali na kisima, bwawa la samaki na chombo cha kunyweshea mifugo. Suuza vipande mara moja kwa maji safi.

Ponda kwenye kinu mpaka upate rojo lisilo na vidonge, huku ukitoa kamba. Kila kidonge kinachobaki kizima ni seli ambazo hazijavunjika. Fanya kazi hii nje, kwenye upepo, kamwe si ndani ya jiko lililofungwa, kwa sababu gesi inatoka unapoponda.

## Hatua ya 5: Kamua usiku kucha

Tia rojo ndani ya kiroba, funga mdomo, kiweke juu ya mawe mawili au kichanja ili kitiririke, na tofali juu yake. Kiache hadi asubuhi.

Linamarini inayeyuka katika maji, kwa hiyo kila tone linalotoka linaondoka na sehemu ya sumu. Kukamua pia kunakupunguzia siku nzima ya kuanika. Asubuhi, shika bonge na ulikaze mkononi. Likibaki na umbo lake bila kutoa maji, kisha likavunjika ukiligusa, limekamulika.

## Hatua ya 6: Anika iwe chengachenga

Vunja bonge kwa mikono, pitisha kwenye ungo, tandaza kwenye turubai unene usiozidi sentimita moja. Geuza kila baada ya saa mbili. Kaskazi kali, siku moja na nusu zinatosha. Kipupwe, siku mbili au tatu. Masika, Machi hadi Mei, mimi siloweki muhogo kabisa. Mvua ikikukuta na chenga mbichi mkononi, zinaota ukungu ndani ya siku moja, na ukungu unaleta sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupika wala kwa kuosha.

Turubai liwe juu ya kichanja au bati safi, si pembezoni mwa lami. Vumbi la barabara na moshi wa bodaboda haviondoki kwa kuchekecha.

Chenga zilizokauka zinalia ukizisugua kiganjani kama mchanga mkavu, na zikitafunwa zinavunjika kwa mlio. Zikinata kwenye jino, bado. Weusi, ukijani au uwaridi wowote, tupa sehemu hiyo pamoja na zilizopakana nayo.

## Hatua ya 7: Saga na uhifadhi

Peleka mashineni zikiwa zimepoa, maana zikisagwa na joto la jua zinatoa jasho ndani ya mfuko. Chekecha. Hifadhi kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, juu ya meza, mbali na ukuta unaovuja. Ikiwa unyevu wa Dar umeingia na unga umeshikana mabonge, usiupike.

Unga mzuri ni mweupe au wa maziwa, una uchachu kidogo puani, na hauna uchungu hata chembe kwenye ncha ya ulimi.

## Ukiwa na haraka: kukuna badala ya kuloweka

Kuna njia nyingine halali. Menya kama hatua ya 2, kisha ukune muhogo mbichi kwenye greta mpaka uwe kama machicha ya nazi. Uache machicha hayo ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa usiku mzima, kisha kamua na anika kama hatua ya 5 na 6.

Kukuna kunavunja seli nyingi kuliko kukata, kwa hiyo kimeng'enya kinafanya kazi kwa nguvu sana. Muhogo uliopondwa au kukunwa vizuri kisha ukakaushwa unabaki na asilimia chache tu za sumu ya mwanzo. Onyo moja: usimwagie machicha maji ya moto ili "kuua sumu". Utakiua kimeng'enya na kuifungia sumu ndani.

## Unga uliokwisha kununua: lowanisha kabla ya kupika

Wengi wetu hatusindiki, tunanunua kwa kilo. Muuzaji hakuulizi, na wewe hujui kopa lake lilipitia wapi. Kwa unga huo kuna njia ya kulowanisha, aliyoibuni mwanasayansi Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na wanawake wa vijijini Kongo wameitumia dhidi ya konzo. Haihitaji kifaa chochote.

1. Mimina unga kwenye bakuli, sawazisha juu bila kushindilia, na uweke alama kwa nje pale unga ulipofika.
2. Ongeza maji ya kawaida kidogokidogo ukichanganya. Unga utashuka kwanza, kisha utaanza kupanda. Ukifika tena kwenye alama, acha kuongeza.
3. Tandaza rojo kwenye sinia au mkeka safi, unene usiozidi sentimita moja.
4. Acha saa 2 juani, au saa 5 kivulini.
5. Pika siku hiyohiyo. Rojo lenye maji likilala linachacha na kuharibika.

Maji yanakiamsha kimeng'enya kilichobaki kwenye unga, gesi inatoka, na upana wa sinia unaipa njia ya kuondoka. Ukiliacha rojo ndani ya bakuli refu, gesi inakosa njia. Njia hii hupunguza sumu mpaka theluthi, hata moja ya sita, ya ilivyokuwa. Haiwezi kugeuza unga mbaya mno kuwa mzuri, kwa hiyo unga unaouma ulimi kwa uchungu usinunuliwe hata kwa bei ya kutupa.

Bada ya unga huo inasongwa kama kawaida. Punguza tu maji ya sufuriani, kwa kuwa unga umeshakunywa.

## Muhogo wa futari na kisamvu

Muhogo wa kuchemsha, wa nazi au wa kukaanga uwe mtamu tu. Ramadhani moja nyumbani kwetu tulipika muhogo wa nazi uliokuwa na uchungu kidogo, tukasema nazi itaufunika. Iliufunika kweli. Kabla ya tarawehe watoto wawili walikuwa wanatapika na kulalamika kizunguzungu, na usiku huo tuliumaliza kwenye kituo cha afya. Walipona. Tangu siku ile, muhogo wenye uchungu hauingii kwenye sufuria yangu ya futari.

Hata mtamu, menya maganda yote mawili, kata vipande vidogo, anza na maji mengi ya baridi, chemsha bila kufunika, mwaga maji hayo, ndipo utie tui. Wa kukaanga nao uchemshe kwanza hivyohivyo.

Majani ya kisamvu yana sumu nyingi, na kinu ndicho kinachotuokoa. Twanga mpaka yawe laini kabisa, yaache dakika kumi na tano hivi, kisha chemsha kwa maji mengi bila mfuniko. Majani mazima yasitumbukizwe kwenye maji ya moto. Kisamvu cha mfuko kilichosagwa kwa mashine kinafaa, mradi hakina vipande vya majani vinavyoonekana.

## Mboga ya kuandamana nayo

Mwili una njia yake ya kuigeuza sianidi kidogo iwe kitu unachoweza kukikojoa, lakini unahitaji salfa, na salfa hiyo inatoka kwenye protini. Dagaa, samaki, maharage, mayai. Konzo huwakamata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa wanaokula muhogo mchungu wiki baada ya wiki bila kitoweo. Fungu la dagaa wa Kigamboni kando ya bada ni sehemu ya kinga, kwa hiyo usimwekee mtoto bada na mchuzi mtupu.

## Dalili za kukimbilia hospitali

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, moyo kwenda mbio, kupumua harakaharaka, mwili kulegea baada ya kula muhogo au kisamvu. Usimpe maziwa ukingoja aone nafuu, usimlazimishe kutapika, wala usimlaze chumbani peke yake. Mpeleke saa hiyohiyo na uwaambie wahudumu wazi kwamba amekula muhogo, na saa ngapi.

Miguu ikikaza ghafla na mtu akashindwa kutembea, hata kama hatapiki, naye ni wa kupelekwa siku hiyohiyo. Bada iliyobaki sufuriani usiimwage. Ifunge kwenye mfuko pamoja na unga kidogo, uende nayo.